Bustani za Nyumbani katika Mbuga za Baridi za Kanada

Mtu ajengapo nyumba katika nchi ngeni hutafuta kwanza paa na ukuta. Mti na ua hufuata baadaye. Hata hivyo, historia ya makazi ya wanadamu yaonyesha kuwa mara nyingi kile kifuatacho baadaye ndicho kipambanuacho mkazi na mpiga kambi. Ushahidi wa neno hili waonekana wazi katika mbuga za magharibi mwa Kanada, yaani Manitoba, Saskatchewan na Alberta, ambako kwa muda wa karne moja watu walijifunza kupamba nyumba zao kwa mimea chini ya baridi iwezayo kushuka hata kupita nyuzi 40 chini ya sifuri.

Nchi hiyo haikuwa tupu. Watu wa Cree, wa Saulteaux na mataifa mengine walikuwa wakiishi humo tangu zamani, nao walijua mmea upi huliwa, upi hutibu na upi hustahimili. Mji wa Saskatoon umepata jina lake katika lugha ya Cree, kwa sababu ya tunda dogo la zambarau liotalo kando ya mto. Katika miaka ya 1870 mataifa hayo yalitiwa katika mikataba na Serikali, wakabakiziwa sehemu ndogo za ardhi, na mbuga zilizosalia zikagawiwa walowezi. Kwa sheria ya mwaka 1872 mtu aliweza kupewa ekari 160 kwa ada ya dola 10, kwa sharti ya kujenga, kulima na kukaa humo. Walikuja watu kutoka Ontario, Uskoti, Uingereza, Ufaransa, Ukraine na kwingineko, kila mmoja akiwa na mfano wa bustani ya kwao moyoni.

Mfano huo ndio uliowaponza. Miche ya mawaridi na mitufaha iliyotoka Ulaya ya magharibi au mashariki mwa Kanada ilichanua kiangazi cha kwanza, na majira ya kuchipua yaliyofuata ikakutwa imekauka hata mizizi. Walowezi walidhani kwamba adui ni baridi peke yake, kumbe maadui walikuwa wengi. Kwanza, mmea uliozoea nchi ya baridi ya wastani hauachi kukua mapema. Jalidi ya Septemba huukuta bado una maji mengi katika matawi, na barafu hupasua chembe zake. Pili, upepo mkavu wa Januari hunyonya unyevu wa matawi wakati ambapo mizizi imefungwa katika udongo ulioganda, haiwezi kunywa. Tatu, jua la Machi hupasha gome joto mchana, na usiku baridi hulipasua. Nne, jalidi ya Mei au Juni huja wakati matumba yamekwisha kufunguka. Mmea uokokao kwa mmoja wa maadui hawa huenda ukauawa na mwingine.

Madhara yake hayakuwa ya macho tu. Nyumba iliyosimama peke yake penye upeo usio na mti, huku upepo ukiipiga usiku na mchana, ilikuwa mzigo mzito, hasa kwa wanawake, ambao kazi zao ziliwafunga nyumbani. Wengi waliacha ekari zao wakaenda zao. Swali la bustani, basi, lilikuwa sehemu ya swali kubwa zaidi: je, nchi hii yaweza kukalika?

Serikali iliyaona hayo, na mwaka 1886 ikaweka sheria ya mashamba ya majaribio. Mashamba matano ya kwanza yalifunguliwa, makao makuu yakiwa Ottawa, na mawili kati yake, Brandon na Indian Head, yakiwa katika mbuga zenyewe. Mkurugenzi wa kwanza, William Saunders, alikuwa muuza dawa aliyependa elimu ya mimea. Yeye aligeuza swali lililokuwa likiulizwa. Walowezi waliuliza namna ya kuilinda mimea ya kwao isife. Saunders aliuliza ni nchi gani nyingine duniani yenye baridi kama hii, na watu wa huko hupanda nini. Jibu lilikuwa Siberia. Alipata kutoka bustani ya mimea ya Petersburg mbegu za tufaha dogo la Siberia, tunda lisilozidi ukubwa wa zabibu, lakini mti wake haukujali baridi. Huo akauchanganya kwa chavua na mitufaha ya kawaida. Matunda ya machotara wa kwanza yalikuwa madogo na makali, lakini miti iliishi, na penye mti hai pana pa kuanzia.

Kazi ya pili ilikuwa kuuzuia upepo. Kuanzia mwaka 1901 Serikali iliwagawia wakulima miche ya miti bure, na kitalu kikubwa kikawekwa Indian Head chini ya Norman Ross. Sharti lilikuwa moja: mkulima autayarishe udongo kwanza, nao ukaguliwe kabla ya kupewa miche. Mti uliopendwa sana ulikuwa karagana, kichaka cha Siberia chenye maua ya manjano, kivumiliacho baridi na ukame pia. Hapo ndipo ulipopatikana msingi wa ramani ya bustani ya mbugani. Safu za nje zilikuwa za karagana, za kuunasa upepo na theluji. Nyuma yake ilifuata miti mirefu zaidi, kisha misonobari isiyopukutisha majani. Na ndani kabisa, kwa umbali wa kutosha ili lundo la theluji lisivunje vichaka vya maua, ndipo ilipokaa nyumba na bustani yake.

Mpango huo uliigeuza theluji kuwa rafiki. Theluji iliyotulia ni kama blanketi. Chini ya nusu mita yake udongo hukaa karibu na sifuri hata hewa ikiwa nyuzi 30 chini ya sifuri. Mimea ifayo juu kila mwaka na kuchipua tena kutoka mizizini, kama vile mayungiyungi na maua ya iris, hulala salama chini yake. Kisha theluji ikiyeyuka huwa maji ya kunyweshea nchi yenye mvua haba. Mwenye bustani aliyefagia theluji yake yote kwa ajili ya usafi alikuwa akijivua nguo penye baridi.

Juu ya msingi huo walitokea watu waliotafuta uzuri wenyewe. Frank Skinner alizaliwa Uskoti mwaka 1882, akaletwa Dropmore, Manitoba, akiwa na umri wa miaka 13. Hakusoma chuo chochote. Baada ya ugonjwa mkali wa mapafu aliacha kazi nzito za shamba akaitoa akili yake kwa maua. Aliandikiana na wataalamu wa nchi nyingi, akapata mmea wa lilaki wa Korea, ambao mbegu zake zililetwa Marekani na mtafiti Ernest Wilson, akauchanganya na lilaki ya Ulaya. Machotara wake huchanua mapema na kustahimili baridi ya Dropmore. Mwaka 1947 Chuo Kikuu cha Manitoba kilimpa shahada ya heshima ya udaktari. Alifariki mwaka 1967.

Huko Ottawa, Isabella Preston, mzaliwa wa Lancaster, Uingereza, aliajiriwa mwaka 1920 na kukabidhiwa mimea ya mapambo. Lilaki zake ziliufuata mkakati mwingine: huchanua baada ya lilaki za kawaida, jalidi ya mwisho ikiwa imekwisha kupita. Nyingi alizipa majina ya wanawake wa tamthilia za Shakespeare. Lakini mitufaha yake ya maua mekundu aliipa majina ya maziwa ya Kanada, na maua yake ya iris majina ya mito ya nchi hiyo. Katika majina hayo msomaji aweza kuona safari ya mlowezi mwenyewe, moyo ukitoka polepole katika vitabu vya kwao na kutua katika maji ya ugenini.

Wa tatu ni Georges Bugnet, Mfaransa aliyefika Alberta mwaka 1905. Alikuwa mwandishi pia, na riwaya yake La Forêt ya mwaka 1935 yasimulia mume na mke kutoka Ufaransa wanaoshindwa na msitu. Kalamu yake ilieleza kushindwa, lakini jembe lake lilitafuta njia ya kushinda. Alilichanganya waridi la mwituni la Alberta na mawaridi ya mashariki ya mbali, hata likatoka waridi lenye magome mekundu lililojulikana mwaka 1950 kwa jina la Thérèse Bugnet. Ua ambalo walowezi walilipita njiani kama gugu likawa mzazi wa waridi la bustani. Baadaye, Ottawa, Felicitas Svejda aliiendeleza kazi hiyo kwa mawaridi yaliyoitwa kwa majina ya wavumbuzi, la kwanza likitolewa mwaka 1968.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Bustani za mbugani zilipendeza siku wenye bustani walipoacha kuidai Uingereza mbele ya mlango wao, wakapokea hukumu ya baridi juu ya mmea upi ukae na upi uondoke. Hata majira ya baridi yalipewa pambo lake: magome mekundu juu ya theluji, matufaha madogo yaliyobaki matawini kwa ndege, na misonobari ya kijani kibichi wakati kila kitu ni cheupe.

Lakini kilichojengwa kwa subira huweza kubomolewa kwa haraka. Kitalu cha Indian Head kilikuwa kimegawa miche zaidi ya milioni 600 hapo Serikali ilipouacha mpango huo mwaka 2013, na safu nyingi za miti zimeng'olewa ili mashine kubwa za kilimo zipite bila kizuizi. Waliozing'oa walizaliwa ndani ya kivuli chake, wala hawakupata kuusikia upepo kama walivyousikia bibi zao. Mti uliopandwa ili upepo usahauliwe ukiifanya kazi yake vyema, husahauliwa pamoja na upepo wenyewe. Na hapo ndipo historia inapokuwa na haja ya kuandikwa.