Kupukutika kwa Seli: Neno na Historia Yake

Sisi walimu wa Kiswahili huulizwa mara nyingi na wenzetu wa sayansi: neno hili mtaliitaje? Swali hilo lina historia. Wataalamu watatu wa patholojia waliofanya kazi pamoja katika Chuo Kikuu cha Aberdeen, Uskochi, yaani John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie, walilipeleka kwa James Cormack, profesa wa Kigiriki chuoni hapo. Walikuwa wameona seli zikifa kwa utaratibu: zinasinyaa, zinakatika vipande, kisha vipande vinamezwa na seli jirani. Cormack aliwapa neno apoptosisi, lenye maana ya kudondoka kwa majani mtini, nao wakalitumia katika makala yao ya mwaka 1972. Kiswahili kina kitenzi chake tayari: kupukutika.

Namna amri ya kufa inavyoingia ndani ya seli ilijulikana baadaye. Mwaka 1989 maabara mbili, moja Japani na nyingine Ujerumani, kila moja kwa njia yake, zilitengeneza kingamwili zilizoua seli za saratani. Wajapani waliita shabaha yake Fas, Wajerumani wakaiita APO-1. Kumbe ni kitu kimoja! (Wenye kukaa katika kamati za istilahi hawatashangaa.)

Kipokezi hicho kimepenya utando wa seli, kichwa nje, mkia ndani. Mjumbe kutoka seli ya kinga akishika vichwa, vipokezi hukusanyika, na mikia yake hunasa protini iitwayo FADD, iliyotambuliwa mwaka 1995. FADD nayo huvuta kaspesi 8, kimeng'enya kilichogunduliwa mwaka 1996. Kaspesi hizo hulala hadi zikaribiane. Zikikaribiana huamshana, kisha huamsha nyingine zinazokatakata protini za seli.

Seli ya saratani ina hila zake. Nyingine hutoa kwa wingi protini FLIP, iliyoelezwa mwaka 1997, ambayo hufanana na kaspesi 8 lakini haina makali. Hukalia nafasi yake na amri ikaishia hapo. Kuipa seli amri kwa nguvu nako kuna hatari: mwaka 1993 panya waliodungwa kingamwili ya Fas walikufa upesi, maini yao yakiwa yameharibika.

Katika vitabu, Fas na wenzake huitwa vipokezi vya kifo. Darasani tumewahi kusahihisha "kipokezi kilichokufa", kosa linaloeleweka kwa mwanafunzi ambaye Kiswahili ni lugha yake ya tatu. Lakini hata jina sahihi lina walakini. Mwaka 2010 utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature ulionyesha kwamba Fas hiyohiyo huweza kusaidia uvimbe wa saratani kukua. Kwa hiyo tunapendelea kusema "kipokezi cha Fas", na kwa apoptosisi, "kupukutika kwa seli". Wenye maoni tofauti watuandikie kabla ya toleo lijalo.