Kabla hujamtobolea mbwa mlango

Ndugu mkulima, na wewe mwenye duka, kabla hujamwita fundi aje atoboe mlango ili mbwa wako mkubwa aingie na kutoka usiku, soma kwanza habari hii. Jambo lenyewe ni la zamani, na waliotutangulia wametuachia mafunzo mawili.

La kwanza liko Exeter, kusini-magharibi mwa Uingereza. Katika kanisa kuu la mji huo kuna saa kubwa ya kale, na chini yake mlango wa mbao wenye tundu la mviringo. Kamba za mitambo ya saa zilipakwa mafuta ya wanyama, na panya wakayafuata. Vitabu vya hesabu vya kanisa hilo, kati ya mwaka 1305 na 1467, vinaonyesha fedha za matunzo ya paka: peni 13 kila robo mwaka, yaani peni moja kwa wiki. Mwaka 1598, wakati wa Askofu William Cotton, mafundi walilipwa kutoboa tundu la paka. Tazama ukubwa wake: paka anapita, mtu hapiti.

La pili linahusu mbwa wakubwa. Mwaka 1217 Hati ya Misitu ya Uingereza ilieleza namna mbwa wa watu waishio misituni watakavyokatwa makucha matatu ya mguu wa mbele, wasiweze kukimbiza wanyama wa mfalme. Huko Lyndhurst, katika msitu wa New Forest, bado kimetunzwa kikuku cha kale, ile pete ya chuma anayotia mguu mpanda farasi. Inasimuliwa kuwa mbwa aliyepenya humo alihesabiwa mdogo, akaachwa. Aliyekwama alikatwa makucha.

Funzo ni hili: tundu hupima mwili tu, halimjui mwenye mali. Tundu la paka humzuia mwizi. Tundu la mbwa mkubwa hupitisha mtoto, na hata mwizi mwembamba. Kwa hiyo fanya hivi:

1. Mpime mbwa akiwa amesimama. Chukua upana wa mabega, ongeza sentimita 5. Ukingo wa juu uzidi kidogo kimo cha mabega, na wa chini uwe chini ya kifua, asilazimike kuruka.

2. Usitoboe mlango wa ghala wala wa duka. Tundu lielekee uani, penye uzio mzima. Kama shida yako ghalani ni panya, tundu la paka linatosha.

3. Liwe mbali na komeo. Jaribu mwenyewe: ingiza mkono kwa nje. Ukilifikia komeo, na mwizi atalifikia.

4. Ning'iniza kipande cha mpira kizito kizuie upepo na vumbi. Lainisha kingo, bati kali au msumari uliochomoza utamchana mbwa.

5. Weka ubao imara wa kulifungia kwa ndani mnaposafiri.

Na kama ukipima ukaona mtu mzima anapita bila shida, acha mlango wako ulivyo. Mjengee mbwa kibanda uani, karibu na mlango. Akiwa nje atamsikia mgeni mapema, na mahindi yako yatabaki nyuma ya mlango usio na tundu.