MALALE: KIMELEA KILICHOONEKANA KIKIWA HAI (Sehemu ya 3)

Mmeniuliza sana inbox: kwa nini mgonjwa aliyetoka porini maabara wanataka damu mbichi, tena waitazame hapohapo, wakati kipimo cha haraka kipo?

Jibu tulitafute Entebbe, Uganda. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 malale ilikuwa inamaliza watu pembezoni mwa Ziwa Victoria, walikufa zaidi ya 200,000. Mtu anaanza na homa na kichwa, baadaye analala mchana, usiku anakesha, anakonda mpaka anakufa. Chanzo hakijulikani. Mwaka 1902 Uingereza ikatuma madaktari, mmoja kijana wa Kiitalia, Aldo Castellani. Yeye kwanza alishikilia kuwa ni bakteria.

Novemba mwaka huo akachukua maji ya uti wa mgongo ya mgonjwa, akayazungusha kwenye mashine ili vilivyo vizito vishuke chini, akaweka tone kwenye hadubini (wengi tunaiita darubini, sawa tu). Akaona kitu kinajinyonganyonga kama kisamaki. Tripanosoma, kiko hai! Mwaka 1903 David Bruce akaonyesha kuwa anayekisambaza ni mbung'o.

Basi ndiyo sababu ya damu mbichi. Kimelea kikiwa hai kinasukumasukuma chembe nyekundu, mtaalamu anaona zinatikisika hata kabla hajakiona chenyewe. Damu ikikaa sana kinakufa, kinatulia, ni rahisi kupitwa.

Zaidi ya miaka 100 baadaye hadubini ikatusuta tena. Tulizoea kutafuta kwenye damu na maji ya mgongo tu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow na wenzao walitazama ngozi ya panya walio hai kwa hadubini za kisasa, wakaviona vimelea vinatembea humo. Wakakagua vipande 1,121 vya ngozi za watu wa Kongo, vilivyokuwa vimehifadhiwa kwa ajili ya ugonjwa mwingine. Vipande 6 vilikuwa na tripanosoma, na wenyewe hawakuwahi kugunduliwa. Mimi hiyo 6 ilininyima usingizi.

Sasa turudi Katavi. Mbung'o tunao, kina baba wa asali wanawajua vizuri. Na malale ya huku Tanzania ni ile ya haraka, inaweza kufika kwenye ubongo ndani ya wiki chache. Kipimo cha haraka cha malaria hakiioni kabisa. Kwa hiyo mzee au mtoto akirudi porini na homa, pengine na uvimbe pale alipoumwa, kipimo kikisema hakuna malaria usikimbilie duka la dawa. Rudi, umwambie mhudumu: "Tulikuwa porini, tuliumwa na mbung'o." Usingoje aulize, foleni ikiwa ndefu anaweza asiulize.

Sehemu ya 4 ni ile sindano ya mgongo mnayoiogopa. Maswali yaacheni hapa chini.