Nani Aingie Shambani Siku ya Mavuno

Zamani, katika vijiji vya tambarare ya kaskazini mwa Java magharibi, nchini Indonesia, kuanzia Karawang hadi Subang na Indramayu, mpunga ulipoiva hakuna aliyefukuzwa shambani. Mwenye shamba hakuwa na haja ya kutafuta vibarua. Habari ilienea yenyewe, na kulipokucha wanawake walikuwa wamejaa kwenye matuta: wa kijijini hapo, wa kijiji cha pili, na wengine waliokuwa wakifuata mavuno kutoka wilaya moja hadi nyingine. Kila mmoja alikuja na ani-ani yake, kisu kidogo chenye wembe wa urefu wa kidole, uliopachikwa kwenye kibao chenye kijiti cha mwanzi. Kijiti hukaa kiganjani, wembe ukachungulia katikati ya vidole. Mvunaji huvuta suke, hulikata, hushika linalofuata, moja moja hivyo hivyo mpaka jaruba liishe.

Kazi hiyo ilikuwa na sababu zake. Mpunga wa zamani ulikuwa mrefu, haukuiva kwa pamoja wala kusimama kimo kimoja, na mundu ungekata mabichi pamoja na makavu. Tena watu waliamini kwamba ndani ya mpunga anakaa Dewi Sri, mungu wa kike wa mpunga, ambaye hapaswi kushtuliwa, ndiyo maana wembe hufichwa kiganjani. Baada ya kazi matita yalipelekwa kwa mwenye shamba, yakagawanywa hapo hapo. Fungu la mvunaji liliitwa bawon. Ndugu au jirani wa karibu aliweza kupata moja katika kila sita, mgeni moja katika kumi au pungufu. Mjane asiye na hata jaruba moja alirudi nyumbani na chakula kichwani, wala hakuna aliyekiita sadaka. Alikifanyia kazi, na desturi ilimpa nafasi ya kuifanya.

Desturi hiyo ililelewa na dhiki. Mwaka 1830 Gavana Mkuu wa Kiholanzi, Johannes van den Bosch, aliamuru kila kijiji cha Java kitenge sehemu ya tano ya ardhi yake kwa mazao ya kuuzwa Ulaya, hasa miwa, nili na kahawa. Kwenye karatasi ilikuwa sehemu ya tano. Mashambani mara nyingi ilizidi, na siku za kazi ya lazima zikazidi pia. Fedha zilizopatikana zililipa madeni ya Uholanzi na kujenga reli zake. Huku Java, njaa iliingia Cirebon mwaka 1844, kisha Demak na Grobogan miaka ya 1849 na 1850. Watu nao waliongezeka, hata karne ya 20 ilipoanza kisiwa kilikuwa na watu wapatao milioni 28. Majaruba yaligawanywa kwa watoto, yakagawanywa tena kwa wajukuu. Palipokuwa na ardhi ndogo kiasi hicho na mikono mingi kiasi hicho, kumzuia jirani asivune kulikuwa sawa na kumnyima chakula.

Baada ya uhuru, serikali ya Rais Sukarno ilijaribu kuligusa suala lenyewe la ardhi. Sheria za mwaka 1960 ziliweka kikomo cha ukubwa wa mashamba na kuahidi kwamba ziada itagawiwa wasio nacho. Utekelezaji ulikwenda kwa kusuasua, na wakulima walioungwa mkono na chama cha Kikomunisti wakaanza kujichukulia wenyewe mashamba waliyoahidiwa. Kisha yakaja mauaji ya 1965 na 1966. Wanahistoria wengi wanakadiria kwamba waliouawa ni kati ya watu laki tano na milioni moja, na wengi wao walikuwa watu wa vijijini. Miaka mingi baada ya hapo, aliyesimama kijijini kudai ugawaji wa ardhi alijiweka hatarini. Kwangu mimi jambo hili ndilo ufunguo wa yote yaliyofuata: mbegu mpya ilifika katika vijiji ambavyo maskini wake walikuwa wamenyamazishwa.

Mbegu hiyo ilikuwa IR8, iliyotolewa Ufilipino mwaka 1966. Mzazi wake mmoja, Peta, alitoka Indonesia yenyewe. Ilikuwa fupi, ilibeba masuke mazito bila kulala chini, na iliiva kwa takriban miezi minne. Serikali ya Suharto, aliyechukua nafasi ya Sukarno, iliisambaza pamoja na mbolea, dawa na mikopo, na bwawa la Jatiluhur, lililokamilika mwaka 1967, likaleta maji ya kupanda mara mbili kwa mwaka katika tambarare ile. Nchi ambayo mwishoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa mnunuzi mkubwa kabisa wa mchele duniani ilijitosheleza mwaka 1984. Mwaka uliofuata Suharto alialikwa Roma kulieleza Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa jinsi walivyofanikiwa.

Mafanikio hayo yalikuwa ya kweli, na watoto walishiba kuliko wazazi wao. Lakini mpunga mfupi unaoiva kwa pamoja ulikatika vizuri kwa mundu. Mwenye shamba alianza kuuza mazao yakiwa bado yamesimama kwa mfanyabiashara aitwaye penebas, naye akaja na wavunaji wake wachache, mara nyingi wanaume, wenye mundu na mizani. Mwenye shamba angeona haya kumfukuza jirani. Penebas hakuwa na jirani pale. Miaka hiyohiyo ya mwanzo ya 1970 mashine za kukoboa zilienea Java nzima. Wanawake waliokuwa wakitwanga mpunga wa watu kwenye kinu kwa ujira wa mchele walipoteza kazi ndani ya misimu michache tu.

Huko Subang, wavunaji wengi waliendelea kuvuna kwa mtindo wa ceblokan: mtu anapanda na kupalilia bure, na kwa kazi hiyo ananunua ruhusa ya kuvuna kipande kile. Kwa macho fungu lake lilikuwa lilelile. Kilichoongezeka ni kazi.

Mashamba nayo yaliugua. Wereng, mdudu mdogo wa kahawia anayefyonza utomvu wa mpunga, aliangamiza mashamba katika miaka ya 1970, na dawa za bei ya ruzuku zilimzidishia nguvu kwa sababu ziliua buibui waliokuwa wakimla. Mwaka 1986 serikali ilipiga marufuku aina 57 za dawa kwenye mpunga, na mavuno hayakushuka. Kuanzia 1989 wakulima wapatao 25 kwa kundi walikutana shambani kila wiki kwa msimu mzima, wakihesabu wadudu na kuchora walichokiona, kisha wakaamua wenyewe kama kuna haja ya dawa. Shamba darasa linalojulikana kwa wakulima wa Kenya na Tanzania limetoka huko. Nalihesabu kuwa jambo bora kuliko yote yaliyofika vijijini humo katika karne hiyo, kwa maana lilimchukulia mkulima kuwa mtu mwenye akili.

Matarajio ya leo yako mashakani. Sensa ya kilimo ya 2003 ilihesabu kaya milioni 31.2 za wakulima nchini Indonesia. Ya 2013 ilikuta milioni 26.1, na zaidi ya nusu yao walilima chini ya nusu hekta. Karawang imeota viwanda juu ya majaruba. Wanawake wa Indramayu wamekwenda kwa wingi kufanya kazi za ndani Saudi Arabia na Taiwan, na nyumba nyingi za matofali kule zimejengwa kwa mishahara hiyo.

Na sasa imekuja mashine inayovuna na kupura kwa mpigo mmoja. Inamaliza kwa saa chache kazi ya siku nzima ya watu wengi, nayo haihitaji zaidi ya wahudumu wachache. Sheria ya Vijiji ya 2014 imeleta fedha za serikali kuu hadi vijijini kuanzia 2015, kwa vijiji zaidi ya 74,000, na inakiruhusu kijiji kumiliki biashara yake. Mashine ikiwa ya kijiji, faida yake inaweza kumfikia hata asiye na shamba. Ikiwa ya tajiri mmoja, itabaki kwake. Mkutano wa kijiji unaweza kuliamua hilo, na humo ndani sauti ya asiye na shamba bado ni ndogo.