Njaa Yenye Jina
Kwa Vonza, ukiwauliza wazee njaa ya miaka ya 1980, watakutajia jina: Nikw'a Ngwete. Kwa Kikamba, ni kama kusema "nakufa nikiwa nimeshika". Pesa mkononi, chakula hakuna. Na wakati huo macho yalikuwa tayari angani. Landsat ya kwanza ilirushwa 1972.

Leo NDMA, mamlaka ya ukame, husoma ukijani wa mimea kwa setilaiti. Kipimo kikishuka chini ya 35, huo ni ukame. Poa, tunajua mapema. Lakini setilaiti huona jani, haioni duka tupu. Hilo lazima watu waliseme, na serikali isikie kabla njaa nyingine haijapewa jina.