Uti wa mgongo

Tumezoea kusikia kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa uchumi, na tunachokiona akilini ni mfupa unaobeba mzigo. Lakini muuguzi anapotaja homa ya uti wa mgongo hasemi habari za mifupa. Anasema utando unaofunika ubongo na ule ugwe wa neva unaopita ndani ya pingili. Ugwe huo unastahili jina lake, ugwemgongo, maana una kazi zake zisizongojea amri ya ubongo. Daktari akigonga kano chini ya pia ya goti, msuli wa paja huvutika ghafla, neva hupeleka habari kwenye ugwe, na neva nyingine hurudisha amri papo hapo: mguu unaruka. Hayo yote huchukua kama milisekunde 50 tu. Na mkono ukigusa sufuria ya moto, huwa umeshaondoka kabla hujasikia maumivu. Kipimo cha goti kilielezwa na Erb na Westphal, madaktari wa Ujerumani, mwaka 1875, na kingali kinatumika. Waandishi wenzangu wa habari za afya, tukikusudia neva tuandike ugwemgongo; uti wa mgongo tuuachie mfupa.