Hazina Chini ya Chumvi

Kusini-magharibi mwa nchi ya Bolivia, juu ya uwanda wa milima ya Andes, liko jangwa jeupe la chumvi liitwalo Salar de Uyuni. Limeinuka zaidi ya mita 3,600 juu ya usawa wa bahari, na upana wake ni kama kilomita za mraba 10,000. Zamani sana mahali hapo palikuwa na ziwa kubwa. Mito iliingia, lakini haikupata njia ya kutoka. Jua na upepo vikayanyonya maji, chumvi ikabaki. Kwa karne nyingi wenyeji waliikata chumvi hiyo vipande vipande, wakaipakia juu ya wanyama waitwao lama, wakashuka nayo mabondeni kuibadilisha kwa mahindi. Hiyo ndiyo mali waliyoijua.

Katika miaka ya 1970 wataalamu wa miamba kutoka Marekani na Ufaransa, pamoja na wenzao wa Bolivia, walifika kuchunguza. Waliona kwamba chumvi ya juu si jiwe tupu, bali ina matundu mengi kama sega la nyuki, na matundu hayo yamejaa maji makali ya chumvi. Maji hayo yalipopimwa, yalikutwa na lithiamu. Miaka ya 1980 kekee ilizamishwa mita 121, na mwaka 1999 ikapita mita 200. Ilitoa tabaka la chumvi, kisha la matope, kisha la chumvi tena. Matope yalishuhudia zama za ziwa lililojaa, na chumvi zama za ziwa lililokauka.

Lithiamu ni metali nyepesi kuliko zote. Kipande chake huelea majini. Iligunduliwa na Johan August Arfwedson wa Sweden mwaka 1817, lakini thamani yake ilipanda hasa baada ya mwaka 1991, betri za ioni za lithiamu zilipoanza kuuzwa. Leo karibu kila simu ya mkononi na gari la umeme huitazamia. Wataalamu wa Marekani wamekadiria kwamba Bolivia ina tani zipatazo milioni 23, akiba ambayo ni miongoni mwa zile kubwa kabisa duniani.

Basi, mtu angedhani kwamba wenyeji waliipokea habari hiyo kwa vigelegele. Haikuwa hivyo, na sababu yake imo katika historia. Jangwa hilo limo katika jimbo la Potosí. Mwaka 1545 fedha ilivumbuliwa huko, katika mlima uitwao Cerro Rico, yaani Mlima Tajiri. Katika miaka ya 1570 Francisco de Toledo, aliyetawala kwa niaba ya mfalme wa Hispania, aliweka sheria kwamba kila mwaka sehemu moja katika saba ya wanaume wa wilaya nyingi ipelekwe kufanya kazi ya shokoa mgodini. Wengi waliuawa na vumbi, na mawe yaliyoporomoka, na sumu ya zebaki. Fedha ilivuka bahari. Wenyeji waliachiwa mashimo na makaburi.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Serikali ilipoanza mazungumzo na kampuni ya Marekani iitwayo Lithco, watu wa Potosí walipinga kwa nguvu, wakiuliza jimbo lao litapata nini. Mkataba wa miaka 40 ulitiwa sahihi mwaka 1992, ukazuka ubishi juu ya kodi, na mwaka 1993 kampuni ikajitoa. Ikaenda Argentina, na kabla ya karne kwisha lithiamu ilikuwa ikitolewa huko, hali ile ya Uyuni ingali imelala.

Je, watu wa Potosí walifanya vyema? Waliilinda mali yao isiondoke kama fedha ya babu zao. Lakini mali iliyolindwa haikujenga shule wala zahanati. Mwaka 2008 serikali iliamua kuitoa lithiamu yenyewe, ikakuta kazi ngumu. Maji ya Uyuni yana magnesi nyingi, ambayo ni shida kuitenga na lithiamu. Tena mvua hufurika na kuchelewesha maji yasikauke katika mabwawa. Mapatano na kampuni ya Ujerumani yalivunjwa mwaka 2019, baada ya watu wa Potosí kuandamana tena. Kiwanda kikubwa hakikufunguliwa hata Desemba 2023. Nao wakulima na wafugaji wa lama walio kandokando wanauliza swali lililo zito kuliko yote: maji matamu, yaliyo haba katika nchi ile kavu, yatatosha kiwanda na wao pia?

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Wakasema vilevile, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Kekee huweza kumwonyesha mtu kilichomo ardhini mwake, lakini haiwezi kumfundisha kukitenga, kukipima, wala kukiandikia mkataba. Hayo hutafutwa darasani, nayo yapasa kutafutwa kabla mgeni hajabisha hodi.